Wazazi Vijana wa Bonde la Mubuku

Katika wilaya ya Kasese, ukimuuliza mtu mzima vita vya waasi wa ADF vilianza lini, atakutajia tarehe 13 Novemba 1996, siku waasi walipovuka kutoka Kongo wakaingia Mpondwe na Bwera. Watu wa Bwera waliviona kwa macho. Sisi wa Nyakalengija, kaskazini zaidi, tulivisikia redioni na kwa abiria waliokimbia na mizigo vichwani. Kwetu vita vilijitambulisha kwa namna nyingine: wageni waliacha kuja.

Asiyeifahamu Nyakalengija aelewe kwamba ndipo barabara inapokomea. Unaiacha barabara kuu ya Kasese na Fort Portal, unapita Bugoye, unapanda Ibanda ukiufuata mto Mubuku, mwisho unalikuta lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori. Kuanzia hapo ni miguu tu, hadi kwenye theluji ya Margherita, mita 5,109. Mlima huo ndio uliokuwa mwajiri wetu. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1991, UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994, na tangu 1987 chama cha wenyeji, Rwenzori Mountaineering Services, kilikuwa kikiwapatia kazi waongozaji na wapagazi. Kijana wa Kikonzo asiye na shamba la kutosha wala ada ya sekondari alikuwa na tumaini moja: kusimama uwanjani pale na gambuti zake, kamba ya kubebea mzigo ikiwa imeviringishwa begani, akingoja jina lake lisomwe. Mwaka 1997 hifadhi ikafungwa kwa sababu ya vita, ikafunguliwa tena 2001. Katika kipindi hicho hakuna jina lililosomwa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi bondeni humo. Baba yangu alichimba shaba Kilembe enzi mgodi ukifanya kazi, na Kiswahili nilikipata huko, kwenye nyumba za wafanyakazi ambako watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja ya kuombana chumvi. Lugha hiyo ilinisaidia baadaye, maana kina mama wafanyabiashara waliotoka upande wa Kongo walizungumza nami bila mkalimani, na walinieleza mambo ambayo wazee wetu hawakutaka kuyasema kwa Lukonzo, lugha yetu.

Mwaka huohuo wa 1997 serikali ilianzisha elimu ya msingi bila ada, kwa watoto 4 wa kila familia. Darasa langu la tano likafurika. Wasichana wa miaka 14, 15, hata 16, waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa karo, walirudi wakakaa na wadogo zao kwenye mkeka mmoja. Ulikuwa mwaka wa furaha shuleni na wa hofu majumbani. Agosti 1997 waasi waliwateka wanafunzi wa seminari ya Kiburara, na tangu hapo kila mzazi aliyekuwa na mtoto shuleni alilala jicho moja likiwa wazi. Watu wa vijiji vya juu walishuka jioni na magodoro yao, wakalala makanisani, mashuleni, kwenye varanda za maduka. Asubuhi, wale ambao mashamba yao yalikuwa mbali na njia zilizosemekana zimetegwa mabomu walipanda kuchimba muhogo, kisha wakarudi kabla ya giza.

Fikiria maisha hayo kwa msichana. Analala chumba kimoja na watu wa koo kumi. Mama yake yuko shambani, baba hana kazi, kijana jirani hana kazi, giza ni la kila mtu. Muhula ulipoanza nilikuwa na wasichana wengi. Ulipokwisha nilikuwa nikifuta majina kwenye daftari. Walimu tulijua sababu. Mkuu wa shule hakuhitaji kumfukuza yeyote, kwa kuwa msichana mwenyewe, akiona sare imeanza kubana, aliacha kuja. Wenzake waliambiwa ameenda kwa shangazi.

Na vijana wa kiume? Hao walitoweka kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1990 sheria ya Uganda ilisema kwamba anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 anaweza kuhukumiwa kifo. Sheria hiyo ilikusudiwa kwa wanaume wazima wanaowaharibu watoto, na mimi niliiunga mkono, naiunga mkono hata leo. Lakini kule kijijini mtu mwenye fedha alimalizana na familia kimyakimya. Aliyekamatwa alikuwa mpagazi wa miaka 17 asiye na hata mbuzi mmoja wa kutoa, au aliyekimbia alikuwa yeye. Familia ya msichana ilimwambia baba wa kijana: lete mbuzi au twende polisi. Kijana alisikia neno polisi, usiku huo akavuka. Alivukia wapi? Kongo. Na Kongo, miaka ile, ndiko waasi walikokuwa wakitafuta vijana wasio na pa kwenda.

Kwa hiyo mimba moja ilitupotezea watoto watatu: msichana aliyeacha shule, kijana aliyekimbia, na mchanga aliyezaliwa kwenye nyumba ambayo bibi alimnyonyesha mama yake maneno makali kila kulipokucha. Hilo tulikuwa tukiliona kwa macho yetu, lakini halikuwa na jina wala mwenyewe. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alisema ni la wazazi. Wazazi walisema ni la kanisa. Kanisa lilimsimamisha msichana asipokee komunyo, likaishia hapo.

Kilichotuamsha ni usiku mmoja wa mvua za Aprili. Binti mmoja, wa miaka 15, aliyekuwa mwanafunzi wangu kabla ya kutoweka, alikuwa amekaa na uchungu siku ya pili kwenye nyumba ya shangazi yake, juu ya Mihunga. Mkunga wa kijiji, bibi aliyezalisha nusu ya bonde, alituma mtu kuniambia: mwalimu, huyu nyonga hazijakomaa, mikono yangu imefika mwisho, mpelekeni hospitali. Gari hakuna. Njia ya usiku ilikuwa njia ya kifo, kila mtu alilijua hilo. Nikaenda kwa wanaume waliokuwa wamejihifadhi kanisani, wakaniambia tusubiri kukuche.

Ndipo nilipokwenda kwenye kibanda cha waragi, walikokuwa wapagazi. Hao ndio waliokuwa wakiitwa wahuni wa bonde. Waliiba kuku, walicheza karata mchana kutwa, na mama yeyote aliyekuwa na binti alipita mbali nao. Sikuwa na hotuba ya kuwapa. Niliwaambia tu kuna mtu wa kubebwa. Waliinuka. Mmoja alikwenda kukata mianzi, wengine wakaleta mablanketi na zile kamba zao za kubebea mizigo ya wazungu, ambazo zilikuwa zimening'inia ukutani tangu hifadhi ifungwe. Machela ilifungwa kwa mafundo ambayo mikono yao iliyajua gizani.

Sijapata kuona watu wanaobeba namna ile. Wanne walibeba, wanne wakatembea pembeni wakingoja zamu. Wa mbele alitangaza njia kwa Lukonzo, kwa sauti ya chini: jiwe, maji, utelezi kushoto, jiwe tena. Wa nyuma waliitikia kwa kupiga kelele ndogo ya pumzi, kuonyesha kwamba wamesikia. Machela haikuyumba. Binti alipoumwa walisimama wote kwa pamoja bila kuambiwa, wakageuza nyuso upande wa mlima hadi uchungu upite, ndipo wakaendelea. Mmoja wao, aliyeushika mti wa mbele kulia, kila mara zamu ilipofika alikataa kupokewa. Nilidhani ni nguvu za ujana. Kule chini kwenye lami tulisimamisha lori, na binti alipopandishwa alimshika yule kijana mkono. Hakusema neno. Wenzake walitazama chini. Kumbe ndiye baba wa mtoto, na alikuwa amejificha kwenye kibanda kile wiki kadhaa akingoja nafasi ya kuvuka.

Mtoto alizaliwa mzima. Mama naye alipona.

Habari ilipoenea, wanawake watano tulikaa nyumbani kwa mke wa katekista. Wawili Wakatoliki, mmoja wa Kanisa la Uganda, mmoja Msabato, na mmoja Mwislamu, mama muuza vitenge ambaye wakati ule watu walikuwa wakimtazama kwa shaka kwa sababu tu ADF walijitangaza kuwa Waislamu. Yeye ndiye aliyesema jambo ambalo wengine tulikuwa tukilizunguka. Alisema: mnamhurumia binti, sawa, lakini yule kijana kesho atakwenda Kongo, na mtoto atakapouliza baba yuko wapi mtamjibu nini? Bibi mkunga, ambaye alikuwa amekaa mlangoni kama kawaida yake, akaongeza kwamba wazee wetu walimjua Kithasamba anayekaa kwenye theluji, lakini walimjua pia mkewe Nyabibuya, mwenye kulinda uzazi na watoto wasikatike, na kwamba Nyabibuya hakuwahi kuuliza mtoto amepatikana vipi. Mke wa katekista alikohoa. Hakupinga.

Tulianza bila jina wala muhuri. La kwanza tulilofanya ni kwenda kwa wazazi wa binti, kina mama watano kwa pamoja, tukaomba asifukuzwe. Tuliongea na baba mtu kwa adabu yote, tukakaa chini, tukamwacha amalize hasira yake. Hasira ya mzazi ina mwisho. Asiyejua hilo huondoka mapema na kumwacha binti peke yake na nusu ya pili ya hasira. Tulipoona amechoka tukamwuliza: mzee, ungependa mjukuu wako akulie wapi? Tangu siku hiyo swali hilo tulilitumia katika nyumba nyingi. Kuna walioangusha machozi. Kuna waliotufungia mlango, na binti za hao tuliwapokea wenyewe, mmoja kwa mke wa katekista, mwingine kwangu, hadi wazazi walipopoa.

La pili lilikuwa gumu zaidi, na hilo ndilo ninalotaka wasomaji walishike. Binti anayelea hahitaji kwanza ushauri. Ushauri aliupata kwa kila mtu, hata kwa walevi barabarani. Alichokosa ni saa. Mtoto anakula saa zote za mama yake. Kama hakuna mikono mingine ya kumpokea, hata shule ikiwa bure, hata mkuu wa shule akiwa malaika, binti hawezi kurudi. Basi tukaomba chumba cha nyuma cha nyumba ya katekista, kilichokuwa ghala la maharage, hatua chache kutoka shuleni. Tukakipaka udongo mweupe, tukatandika mikeka, tukatundika vikapu viwili vya kulalia wachanga. Bibi mkunga akakalia kiti pale mlangoni na bibi wawili wenzake. Malipo yao yalikuwa ugali wa muhogo, sombe, na sabuni.

Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Ilipogongwa ya mapumziko, wasichana wangu waliolea walitoka mbio kwa mlango wa nyuma, wakavuka uwanja, wakanyonyesha, wakarudi. Mwanzoni wavulana waliwacheka. Siku moja binti mmoja aliitwa ubaoni kufanya hesabu ya sehemu, na maziwa yakaanza kupenya kwenye blauzi yake ya sare, madoa mawili yakapanuka huku akiwa bado na chaki mkononi. Darasa likalipuka kwa vicheko. Nilivua sweta yangu nikamvisha mbele yao, nikamwambia amalize hesabu. Aliimaliza, na jibu lilikuwa sahihi. Baadaye tulishona vizibao vyeusi kwa ajili hiyo, na kila binti aliyerudi alipewa kimoja. Kitu kidogo, lakini wapo waliobaki shuleni kwa sababu ya kizibao kile.

Tulilaumiwa, tena hadharani. Mzee mmoja aliyeheshimika alisimama kanisani akasema tunalea uzinzi, kwamba binti zake sasa wataona kuzaa shuleni ni sifa. Nilimjibu papo hapo, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hakutazamiwa kulifanya. Nilimwambia wasichana waliozaa walikuwepo kabla ya chumba kile. Tofauti ni kwamba sasa tunajua wako wapi. Na kwa kweli waliowaona wenzao wakikimbia kunyonyesha huku jasho likiwatiririka hawakuona sifa yoyote pale. Waliona kazi. Mmoja aliniambia: mwalimu, mimi nitangoja.

Kwa vijana wa kiume tulitegemea kahawa. Mashamba mengi ya arabika huko juu yalikuwa yamekuwa pori kwa sababu wenyewe walikuwa wamehamia bondeni. Tulizungumza na wenye mashamba, wakakubali vijana wayapogoe na kuchuma, mavuno yagawanywe. Walichota pia mchanga Mubuku kwa waliojenga. Kila kijana aliyekuwa na mtoto alitakiwa kuleta kitu kila Jumamosi, hata kama ni nusu mche wa sabuni, na kukikabidhi mbele ya bibi mkunga, ambaye hakujua kusoma lakini alikumbuka deni la kila mtu. Mimi niliandika daftarini kwa ajili ya wazazi, ili familia ya binti ione. Pia kila Jumapili baada ya ibada kijana alitakiwa kumshika mtoto wake mwenyewe, si kumtazama kwa mbali. Wengi walikuwa hawajawahi kubeba mchanga. Watu waliobeba mizigo hadi kwenye barafu walimshika mtoto wa miezi miwili kwa hofu, viwiko vikiwa vimekakamaa, na bibi akawafundisha wapi pa kuweka kiganja chini ya kichwa.

Tulikuwa wakali kwenye jambo moja. Kama aliyempa mimba binti alikuwa mtu mzima, mwenye mke au mwenye cheo chochote, hatukukaa naye kikao wala kupokea mbuzi wake. Tulikwenda na wazazi polisi, na wazazi wasipotaka tulikwenda wenyewe na mwakilishi wa wanawake wa LC1. Maridhiano yalikuwa kwa wenye umri unaokaribiana, waliopendana kwa upumbavu wa ujana. Kuchanganya mambo hayo mawili ni dhuluma kwa pande zote, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyokuwa desturi. Mwaka 2007 Bunge lilirekebisha sheria, likatenganisha kosa la kawaida na kosa zito, na likaweka utaratibu wa pekee kwa watoto waliokoseana wao kwa wao. Nilipolisoma hilo nilifurahi, ingawa lilikuwa limechelewa kwa vijana wengi wa bonde letu.

Hatukumwokoa kila mtu. Binti mmoja, mwenye akili kuliko wote niliowafundisha, alichoka na maneno ya nyumbani, akamwacha mtoto kwa bibi yake akavuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, na wafanyabiashara. Tulimtafuta kupitia kina mama wa soko la Mpondwe. Hakupatikana. Mwanawe amekulia hapa, sasa ni mtu mzima, na uso wake kila ninapokutana nao ni uso wa mama yake.

Januari 2000 ilipitishwa sheria ya msamaha, na ofisi ikafunguliwa Kasese kwa ajili ya waliorudi kutoka msituni. Aliyerudi alipewa hati, shilingi 263,000, godoro, blanketi, sufuria, jembe na mbegu. Ulikuwa msaada wa maana, sitaudharau. Lakini fungu lilikuwa la mtu mmoja, na baadhi ya wasichana walirudi wakiwa na watoto migongoni, watoto waliozaliwa huko kwa wanaume ambao hawakuwachagua. Hao ndio waliokuja kwenye chumba chetu wakiwa kimya kabisa. Bibi mkunga hakuwauliza habari za msituni. Aliwapokea watoto, akawaogesha, akawapaka mafuta, na mama alipoona mwanawe anaitwa kwa jina kama watoto wengine, ndipo polepole alianza kusema. Wapo waliochukua miezi kabla ya kutamka sentensi nzima. Nimehudhuria mafunzo mengi tangu wakati huo kuhusu majeraha ya moyo. Mengi yalikuwa mazuri, na hakuna lililozidi ile beseni ya maji ya moto.

Hifadhi ilipofunguliwa 2001, uwanja wa Nyakalengija ulijaa tena gambuti. Nilikuwepo siku za mwanzo. Yule kijana wa machela alikuwa miongoni mwa waliopanda, na aliporudi alikuja moja kwa moja kwa bibi mkunga akiwa bado na tope la kinamasi cha Bigo hadi magotini, akahesabu noti mezani: hii ya sare, hii ya viatu, hii ya chumvi na sabuni. Hakumwoa yule binti. Walijaribu, familia zikashindwana, kila mmoja akaja kuoa na kuolewa kwingine. Lakini alimsomesha mtoto wao hadi kidato cha nne, bila kukosa muhula. Binti mwenyewe alimaliza darasa la saba, akajifunza cherehani, na leo ananunua kahawa kwa wakulima. Watu hupenda hadithi iishe kwa harusi. Mimi naona hii imeisha vizuri.

Baada ya vita vilikuja vikao na magari ya miradi. Yaliyokuwa na faida niyataje: gazeti la vijana la Straight Talk, lililoanza 1993, lilifika shuleni na kuwaeleza watoto mambo ya miili yao kwa lugha ambayo sisi walimu tuliona haya kuitumia. Wasichana walilisoma hadi kurasa zikachanika kwenye mikunjo. Lakini shirika moja lililokuja bondeni lilitaka orodha ya wasichana tu. Tukauliza, na vijana wa kiume? Tukaambiwa hawamo kwenye bajeti. Wakaleta posho ya kuhudhuria semina, na bibi waliokuwa wakilea kwa sabuni na sombe wakaanza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini anayekaa semina analipwa na anayeshika mtoto halipwi. Mradi ulidumu miaka michache, ukafungwa, gari likaondoka. Chumba nacho kikarudi kuwa ghala. Bibi mkunga alikuwa ameshafariki.

Takwimu za taifa zinasema jambo linalostahili kusikilizwa. Mwaka 1995, wasichana 43 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini Uganda walikuwa wamezaa au wana mimba. Mwaka 2001 walikuwa 31, mwaka 2006 wakawa 25. Hapo idadi ikasimama: mwaka 2016 ilikuwa bado 25. Shule ilishusha idadi, elimu ya afya ilishusha idadi, kisha tukafika mahali ambapo maneno peke yake hayatoshi. Halafu ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022, na katika kipindi hichohicho mito ya Rwenzori ilifurika, Mei 2020, ikabeba nyumba na mashamba. Nilikuwa nimestaafu. Niliwaona wasichana wa bonde wakipita na matumbo, nikarudi 1997 bila kutaka.

Mwishoni mwa 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya: mwanafunzi mwenye mimba apumzike kuanzia mwezi wa tatu, na aruhusiwe kurudi mtoto akitimiza miezi sita. Ni hatua kubwa, sisi tungeililia wakati ule. Lakini nimeuliza katika shule za Bugoye na za upande wa Bwera swali lilelile la zamani: mtoto wa miezi sita atashikwa na nani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni? Jibu linaanzia na kuishia kwa bibi yake, ambaye yuko shambani. Na baba wa mtoto? Yuko kwenye bodaboda ya mtu, au mpakani Mpondwe akivusha magunia ya wenyewe, au hajulikani. Mpaka huo haujatulia. Juni 2023 waasi haohao wa ADF walirudi Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, wakateka wengine. Kijana asiye na kazi wala anayemwulizia mahali alipo bado ana thamani kwa mtu mmoja, na mtu huyo yuko msituni.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Kasese, walimu wakuu, na wenye kampuni za kupandisha wageni mlimani: tengeni chumba kimoja cha watoto karibu na kila shule ya kata, mwalipe bibi wawili wa kukaa humo mshahara wa kila mwezi, na mnapoandika majina ya wapagazi muwape nafasi vijana wenye watoto, kwa sharti kwamba sehemu ya malipo ifike kwa mtoto. Gharama ya chumba kama hicho haifiki bei ya gari moja la mradi. Wanawake wanaojua namna kilivyoendeshwa tuko hai bado, na tunaweza kuja kuonyesha.